Mifupa ya Majogoo

Ljubo ana ufunguo, na ufunguo una kutu.
Kila asubuhi saa mbili hunifungulia pango
ambalo si pango: ni chumba cha matofali
walichokifukia nusu, kifanane na tumbo la dunia.
Nyuma yake, shamba la kabichi. Mbele, barabara ya lami
na kituo cha mafuta. Mto Drava hauonekani kutoka hapa,
ila unyevu wake hupanda ukutani
kama mgeni asiyepiga hodi.

Wenzangu humtazama mungu.
Nawaelewa. Yuko pale, kofia imekatika ncha,
goti mgongoni mwa fahali, kisu shingoni,
uso kaugeuza pembeni
kana kwamba kuna mtu amemwita wakati usiofaa.
Mbwa anaramba damu. Nyoka naye.
Nge yuko kazini kule chini,
na mkia wa fahali umechipua masuke ya ngano.
Kuhusu masuke hayo wameandika kabati zima.
Mmoja anasema ni nyota. Mwingine, ni Uajemi.
Wa tatu anasema wale wawili hawajui Kigiriki.

Mimi nilipewa shimo la taka.

Naosha mifupa kwa mswaki,
naianika juu ya magazeti ya juzi,
naipima milimita kwa milimita:
paja, bawa, kidari, mguu na kipi chake.
Kuku. Kuku. Mwana-nguruwe mmoja. Kuku.
Fahali? Hata jino.
Mungu alichinja fahali;
waumini walitafuna majogoo.

Kitabu hawakuacha.
Walikula kiapo, kisha wakala kuku:
kiapo kikabaki tumboni, mifupa ikatoka nje.
Tunayoyajua tumeyaokota kwa maadui zao
na kwa chokaa zilizobambuka, ngazi saba za kupanda:
Kunguru, kisha Bwana Harusi asiye na bibi,
Askari, Simba, Mwajemi,
Tarishi wa Jua,
na juu kabisa Baba, ambaye pengine alikuwa
mtumwa wa mtu.

Kwa mfano huyu Optatus, karani wa forodha.
Madhabahu yake inanifika kiunoni.
Mchana alihesabu mizigo isiyo yake,
usiku akanguruma.
Nadhiri ameilipa, kwa moyo mkunjufu, kama ipasavyo.
Maneno yote hayo kayabana katika herufi nne,
maana mchonga mawe hutoza kwa herufi.

Wanawake hawakuingia.
Hili huandikwa katika kila utangulizi, sentensi moja,
kisha msomaji anasonga mbele.

Jumapili mama alikuja na mkate, akaketi,
akayatazama magazeti yangu kama atazamavyo nyanya sokoni.
Mama Nada, miaka sabini na minne, hajui Kilatini.
Akashika paja, akalipima kwa kidole gumba.
“Wadogo hawa. Wa masika.
Wamechinjwa Juni, kabla hawajaanza kupigana.”
Fahali wawili hawakai zizi moja,
na majogoo arobaini hawakai ua mmoja.
Mtetea hutaga, hubaki. Jogoo humtoa.
“Sasa niambie, Zdenka,” akasema, “nani aliwafuga?”

Sikuwa na jibu.
Nilikuwa na majedwali.

Mtu aliatamisha mayai Machi, akaogopa baridi,
akamfukuza mwewe kwa kelele,
akawajua mmoja mmoja kwa kilemba,
akawafunga miguu wawili wawili,
akawafikisha mlangoni. Mlangoni tu.
Akapewa sarafu, au hakupewa.
Nyuma yake taa zikawashwa
na wanaume wakaanza kuwa simba.

Kwenye paja namba mia mbili na sita
pana mkwaruzo wa kisu kilichoteleza.
Wenzangu wataupita.
Fomu haina safu ya mfugaji. Nikaichora kwa rula,
imepinda kidogo.
Nikaandika: *hajulikani*. Mstari wa chini, hivyo hivyo.
Mpaka chini.

Ljubo akaja kufunga. Kufuli ikagoma, akaitukana.
“Leo umempata mungu?”
Nikamwambia asogee, anakanyaga magazeti.