Miezi Mitano Iliyosalia

Mkataba uko mezani, chini ya kikombe cha kahawa.
Unaisha tarehe thelathini Juni.
Leo ni Januari,
na ngazi ya nje, iliyojipinda kama ganda la konokono,
imevaa barafu toka barabarani hadi mlangoni pangu.
Kuikwangua ni wajibu wa mpangaji. Kifungu cha tisa.

Kuna saini mbili.
Yangu imesimama wima, kama ya mtoto wa shule.
Ya Yannick imelala ubavu, inakimbilia ukingo wa karatasi,
nami nilidhani ni mwandiko tu.

Aliondoka Novemba na begi moja na gitaa la nyuzi nne.
Nusu yake ya kodi hakuisahau; aliiacha.
Nikashuka kwa Bwana Karagiannis, mwenye nyumba,
kumuuliza kama nusu yangu itatosha.
Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya sweta.
"Binti, karatasi haijui nani anampenda nani.
Karatasi inajua namba ya nyumba."
Kisha akanipakulia bakuli la dengu:
marehemu mkewe hakupenda habari mbaya
itoke mlangoni mwake mikono mitupu.

Basi natafuta wa kunirithi.
Nikimpata, nitamwandikia mzee jina na anwani yake,
nitangoja siku kumi na tano,
na mpaka hapo kila tarehe mosi ni yangu, peke yangu.

Wanakuja Jumamosi, viatu mkononi, soksi zimelowa theluji.
Kijana wa Chicoutimi anagonga kuta
kama mtu anayechagua tikiti maji.
Nesi mmoja anafungua friji, anafunga, anaaga.
Wa tatu ana kasuku, na mzee hataki kasuku.
Wote wananiuliza: mbona unahama?
Kazi, nasema. Mama anaumwa, yuko Rimouski.
Mwenye kasuku nilimwambia ukweli, kwa kuchoka tu,
akakaa kwenye kochi nusu saa, akalia yeye.

Usiku napiga hesabu.
Elfu moja na mia moja, mara tano.
Wapo wanaotoroka: funguo kwenye sanduku la barua,
taa imeachwa ikiwaka, basi la alfajiri.
Nami nimeshapanga begi mara mbili, kichwani.
Lakini chini yangu nasikia mzee akikohoa,
akizungusha redio kutafuta stesheni ya Kigiriki,
na begi linajipangua lenyewe.

Februari, akaja Maëlle.
Hakugonga kitu. Aliuliza, "Jua linaingia saa ngapi?"
Saa tatu na nusu asubuhi, nikamjibu, jikoni,
linakaa kwenye vigae vitatu karibu na jiko,
halafu linaenda kwa jirani.
Sikujua kama nalijua hilo.
Akasimama juu ya vile vigae, mawingu tele nje,
akasema, "Nipe kalamu."

Mzee alikubali siku ya kumi na mbili.
Nikaziba matundu ya misumari kwa plasta,
nikasugua oveni mpaka kucha zikaniuma.
Nyumba irudishwe ilivyokuwa,
isipokuwa uchakavu wa kawaida. Kifungu cha kumi na nne.
Nilikisoma mara mbili, nikaendelea kusugua.

Funguo zilitakiwa nne. Nilikuwa na tatu.
Wa nne ulifika kwa posta, bahasha bila barua,
umefungwa kwenye karatasi ya chooni,
kama jino la mtoto.

Siku ya kuondoka theluji ilianguka tena.
Tangu usiku wa manane ngazi ilikuwa wajibu wa Maëlle;
jina langu halimo popote.
Hata hivyo nilichukua sepetu,
nikaanza juu, nikishuka kinyumenyume,
daraja kwa daraja.
Bwana Karagiannis alinitazama dirishani, redio inanguruma,
akanionyesha kwa kidole
pale nilipoparuka.