Kumi na Mbili kwa Moja

Karakana ya Giżycko hufunguliwa saa moja asubuhi,
theluji ikiwa bado imelalia boti zilizopinduliwa uani,
na wa kwanza kutupokea si mtu, ni harufu:
tamu, kali, hupanda puani ikakaa huko hadi usiku.
Ndiyo resini hiyo. Utaizoea, waliniambia.
Sijaizoea.

Tuko tisa. Vijana wanane, na mimi
mwenye miaka arobaini na saba na barua ya ofisi ya ajira.
Miaka ishirini na miwili nilishona sare za askari
mpaka kiwanda kikahama na cherehani zake,
kikatuachia vidole.
Vijana huniita Mama Sindano.
Na waniite.

Siku kitambaa cha kioo kilipokunjuliwa mezani,
Ksawery alikikata kwa pupa, kikafumuka,
nyuzi zikamwagika sakafuni.
Mimi niliutazama mtande, nikautazama mshindio,
nikakata mshazari,
kikajilaza ndani ya kalibu, kila pembe, kila mkunjo,
kama shuka kwenye kitanda cha mtoto.
Bwana Zbylut hakusema neno.
Alinisogezea mkasi mzuri, ule wa kwake.

Kigumisho ni asilimia mbili. Si tatu.
Aliyetia kwa kukisia aliona kopo likifuka moshi,
tukalirusha nje, likazama thelujini likichemka peke yake.
Una dakika kumi na nane, alisema mwalimu,
baada ya hapo hata ukiiomba radhi haikusikii.
Kwa hiyo rola, haraka lakini bila kuparamia,
kufukuza viputo mpaka ukingoni.
Kiputo ni kidogo leo.
Februari maji yataingia humo, yataganda,
yatatanua mabega.

Usiku mikono inawasha.
Maji ya moto ni kosa: ngozi hufunguka, kioo kikazama zaidi.
Basi maji baridi, na matusi ya chini chini
binti yangu asisikie.

Wiki ya sita akaleta boti ya watu, iliyogonga gati.
Akatoa sarafu ya zloti mbili, akaanza kuigonga ubavuni,
kichwa kakiinamisha kama daktari:
ti, ti, ti, ti,
tu.
Hapo pamekufa, alisema, akachora duara kwa penseli.
Jicho linaona rangi tu.

Ufa wenyewe ulikuwa mfupi kuliko kidole changu cha shahada.
Nikachota lipu ya kujazia. Akanishika kiwiko.
Hauzibwi, Wiesława. Unapanuliwa.
Kila milimita moja ya unene, kumi na mbili za kuparuza,
huku na huku, mpaka ukute palipo pazima.

Nikavaa barakoa, nikawasha grenda.
Ufa wa kidole ukawa kidonda cha upana wa sinia,
na mimi nikiona uchungu kula pazuri
kwa ajili ya pabovu.
Kisha vipande sita, kimoja juu ya kingine,
kila kimoja kikishika ukingo wake.
Kesho yake nilipogonga, paliitika.

Nina dada, Halszka, yuko Suwałki.
Miaka tisa, tangu nyumba ya mama iuzwe.
Kila Krismasi kadi: heri, afya, jina.
Lipu, na rangi juu yake.

Jumapili nilimpigia.
Sikugusa nyumba. Nilianzia mbali,
kwenye bata bukini wa jirani aliyetukimbiza
tukiwa na miaka sita na minane, tumebeba ndoo ya maziwa.
Akanyamaza.
Nikausikiliza ule ukimya, kichwa nimekiinamisha,
nisijue kama ni ti au ni tu.
Kisha akasema:
Wewe ndiye aliyekung'ata.
Mimi nilitupa ndoo nikakimbia.