Nyuma ya Ukurasa wa Sabini na Nne

Mnada wa mwisho ukipita, ghala la Kitangari
hubaki na vumbi, magunia matupu, mzani ulionyamaza,
na Mwalimu Somoe Likapa, Jumamosi hata Jumamosi,
akifagia pembe moja ya sakafu ili tukae.

Hakulipwa. Niseme mapema, maana watu huuliza.
Mama alimpelekea makopa nusu debe;
akayapokea kwa mikono miwili,
akayasonga ugali, tukala sote.

Mjini walimwita Msomi.
Shahada ya kwanza, ya pili,
kisha ile ya tatu iliyomla miaka saba
kwa sababu hakukubali kulifunga darasa la ghalani.
Aliiandika usiku, ukungu wa Newala ukigonga dirisha,
blanketi mabegani, kibatari kikikohoa.
Joho lake jekundu nimeliona mara moja tu:
limemfunika Hashimu, kitindamimba wa akina Nandonde,
aliyelala na homa juu ya magunia.

Karatasi ndizo zilikuwa shida.
Akaleta zake, rasimu za tasnifu,
zimechapwa upande mmoja, na msimamizi wake
kazikwaruza kwa wino mwekundu.
Sisi tukapewa upande mweupe.
Huko nikagawa kilo kwa kaya,
nikatoa makato ya chama, makato ya gunia,
nikakosea, nikafuta kwa mate,
karatasi ikatoboka. Nikaficha kwa kiganja.
"Pita pembeni ya tobo," akasema. "Endelea."

Leo ni karani wa mzani uleule.
Msimu ukifunguliwa, wakulima huinamia namba zangu,
huhesabu kwa vidole, hunitazama,
huondoka bila kunung'unika.

Jana natafuta stakabadhi za zamani
nikakutana nayo: hesabu yangu, mwandiko wa kuku, tobo lake.
Nikaigeuza.
Miaka kumi na minne, sikuwahi kuigeuza.

*Mwanafunzi wa 17. Mvulana, miaka kumi na mitatu.
Oktoba hadi Desemba haonekani shuleni,
huokota korosho shambani kwa mjomba wake.
Hana daftari.
Hujumlisha kichwani upesi kuliko mtafiti.*

Pembeni, wino mwekundu wa profesa:
*Ushahidi uko wapi?*

Na chini yake, penseli iliyokaribia kufutika,
mkono ninaoujua, ile *k* yenye mguu mrefu:
*Njoo Kitangari. Jumamosi, saa mbili.*

Sijui kama alikuja. Sidhani.
Ghala lilikuwa tupu, salfa bado inanuka kwenye kuta.
Nikapanda mzani, nikasimama wima
kama mtu anayeitwa jina lake darasani.
Kilo sitini na tatu.
Nikachukua kalamu, nikaandika.