Karani Apokea Mgeni

Mimi napima majani ya chai ya watu, hapa Katumba.
Kapu la Subilaga kilo kumi na nne na robo,
naandika kumi na nne na robo.
Robo ya mtu sijawahi kuimeza.
Lakini kompyuta yangu, ya mkono wa pili, ya Mwanjelwa,
kila jioni huniandikia pembeni mwa kioo:
nakala hii si halali.
Herufi za kijivu, nyembamba kama ukungu wa Rungwe,
ila hizi haziondoki hata jua likitoka.

Binti yangu Tumpale, anayesoma chuo kule Iyunga,
akaniletea flashi ndani ya soksi, mvua isiilowanishe.
"Baba, usibomoe nyumba. Jenga chumba ndani yake,
Linux ikae humo. Ikikushinda unafuta chumba,
nyumba inabaki."
Nikasema, basi ni kitalu,
mche haupelekwi shambani siku ya kwanza.
Akacheka. "Wenyewe wanaiita mgeni."

Haya, mgeni.
Nikaulizwa nimkatie kumbukumbu kiasi gani.
Nilikuwa na giga nne. Nikampa tatu,
maana kwetu mgeni halishwi nusu sahani,
na mwenyeji akaanguka kwa njaa:
kioo kiliganda, feni ikalia kama mashine ya kukoboa.
Nikapunguza hadi mbili. Wakakaa.

Usiku ule kishale changu kiliingia chumbani kwa mgeni
kikakataa kutoka.
Nilisukuma kipanya hadi ukingo wa meza,
hadi kikatumbukia kwenye sufuria ya mbalaga.
Tumpale, kwenye simu, anapiga miayo:
"Kontroli ya kulia, baba. Ya kulia."
Miaka saba nina kibodi hii,
kitufe kile sikuwahi kukigusa.

Na nywila! Ananiomba nywila, naandika,
hakuna nyota, hakuna nukta.
Nikabonyeza kwa nguvu, nikidhani kibodi imekufa.
Kumbe anasikia, ananyamaza tu,
kama mama alivyokuwa akipokea pesa yangu:
anaifunga pembe ya kitenge
wala hahesabu mbele yako.

Siku ya pili nilimuua kwa mkono wangu.
Amri fupi, nafasi moja nimeiweka pasipo pake,
na vyote vilivyomo vikaondoka vikijitaja majina
mstari kwa mstari, mpaka kikabaki kistari kimoja
kinapepesa.
Nje, mvua ya Tukuyu isiyouliza mwezi.
Nikakumbuka ile picha
niliyofundishwa kuipiga kabla ya kugusa lolote.
Nikabofya: rudi.
Akarudi amevaa jana yake, hajui kama alikufa.
Sikumwambia.

Siku ya tatu nikampa jembe.
Stakabadhi za wiki, wakulima sitini na mmoja,
nikamsomea moja moja, yeye akajumlisha.
Jumla yake na ya daftari langu
zikaachana kwa kilo tisa.
Nikasema, mgeni huyu hajui hesabu.
Nikapekua kwa kidole, kwa tochi ya simu, umeme umekwenda,
betri ikinihesabia dakika.
Mzee Ambilikile, Jumanne:
stakabadhi, arobaini na tatu.
Daftari, kwa mwandiko wangu mzuri, thelathini na nne.

Robo ya mtu, nilisema.

Asubuhi nilimfuata mgombani kwake, viatu mkononi.
Alitazama karatasi, akanitazama, akasema "ndaga,"
akaendelea kukata majani makavu.
Sikujua kama amenisamehe au hakuwahi kunishuku.

Jioni nikamwasha mgeni tena.
Nikalivuta dirisha lake mpaka likajaza pembe zote nne,
na yale maneno ya kijivu yakafunikwa.
Hayajafutika. Yako nyuma yake, nayajua,
na Tumpale ameuliza mara mbili
ni lini tutampa mgeni nyumba nzima.