Kipimo Kimevunjika

Niliandika: Chilangali hupata mvua milimita mia nane kwa mwaka.
Mia nane! Kwetu,
ambako uwele hunyauka ukiwa magotini.
Lakini tovuti nne zilisema hivyo, nikasadiki,
maana wanne si mmoja.

Mama Sechelela, mkutubi wa ghorofa ya pili,
aliusoma mstari ule akiwa wima,
kalamu kaichomeka kwenye nywele.
"Nani kasema?"
"Mtandao."
"Mtandao una mdomo?"
Akavuta kiti.

Tukamfuata wa nne, kamnukuu wa tatu.
Wa tatu kamnukuu wa pili.
Wa pili kanakili kwa wa kwanza, hata kosa la herufi kalibeba:
Chilagali, Chilagali, Chilagali.
Na wa kwanza, tulipomfikia,
hakumtaja mtu.

Nje, upepo wa Julai ulipiga vumbi madirishani,
Dodoma yote ikawa rangi ya chai.
Akanipa kikaratasi chenye namba.
"Shuka chini. Rafu ya mwisho, kabla ya stoo."

Daftari la kituo cha mvua.
Jalada la kitambaa, pembe zimeliwa na mchwa.
Mwandiko wa Bwana Chidumizi, mpimaji,
kila siku saa tatu asubuhi:
sufuri, sufuri, sufuri, kumi na mbili, sufuri.
Nikajumlisha kwa kidole mpaka Januari ikaisha.
Februari, tupu.
Machi, tupu.
Pembeni, kwa wino uliopauka:
Kipimo kimevunjika. Ng'ombe. Sikupima.

Nilicheka, nikanyamazishwa na meza ya jirani.
Kisha kicheko kikaniisha chenyewe.
Angeweza kubuni, huyu bwana.
Nani angefunga safari hadi Chilangali kumkagua?
Angeandika ishirini, thelathini, akaenda zake kulima.

Bibi alipofukua mchanga wa korongo,
maji ya kwanza aliyamwaga.
Ya pili akayamwaga,
nasi tumesimama na vibuyu, midomo imekauka,
tukimwona mkatili.

Nimeifuta mia nane.
Nimeandika: mia tatu tisini na moja, kwa miezi kumi;
miwili haijulikani.

Mwalimu kaizungushia "haijulikani" wino mwekundu,
na alama ya kuuliza kubwa kama ndoano.

Chini yake nimemwandikia namba ya rafu.