Gramu Arobaini na Moja

Watano nimewazika asubuhi nyuma ya banda.
Udongo wa Gotland mgumu bado, Aprili hii haina huruma.
Nimemzika na mama yao, aliyekufa kimya
manyoya aliyojinyofoa kifuani yakiwa bado mdomoni.
Wa sita alitikisika kiganjani
nilipokuwa nikimhesabu na wafu.

Nilimwomba radhi.
Hesabu ilinishinda tangu shule.

Mizani ya jikoni, ile Majken aliyopimia unga wa Krismasi,
inasema gramu arobaini na moja.
Yai la kuku linamshinda.
Macho yamefumbwa kama yameshonwa,
masikio yamelala shingoni,
na ngozi ya tumbo ni nyembamba hivi
kwamba nikimwinua kwenye taa
naona utepe mweupe ndani:
maziwa ya mwisho ya mama yake,
bado yanafanya kazi.

Gunhild wa mbuzi kaja na chupa, na maneno makali.
Usimlaze chali kama mtoto wa mtu,
maziwa yataingia mapafuni, utamzamisha hapa hapa mezani.
Mkalishe. Tone. Ngoja ameze.
Tone.
Asubuhi na jioni, basi; hata mama yake hakumnyonyesha kutwa.
Nami niliyezoea kwamba haba na haba hujaza kibaba
naambiwa kibaba hiki kikijaa sana hupasuka.

Miaka thelathini na mmoja nimepasua mawe ya chokaa kule Slite.
Vidole viwili havina kucha.
Sasa navifundisha kusukuma sirinji
bila kusukuma.

Baada ya kula, pamba na maji vuguvugu,
chini ya mkia, polepole, kama ulimi.
Sikujua kuna kiumbe asiyeweza hata kukojoa
mpaka apanguswe.
Dakika saba, mzee mzima, nimeinamia kitambaa
nikingoja tone.
Lilipotoka nilipiga ukelele,
mbwa wa jirani akaitikia.

Namrudisha kwenye kasha la viatu,
sufi ya kondoo wa kijivu, soksi,
chupa ya maji moto upande mmoja tu,
ili akiona joto limezidi ajisogeze.
Hajisogezi. Anajichimbia kwenye soksi
kana kwamba soksi ina ndugu watano.

Usiku wa nne nampigia Ylva, huko Luleå, kwenye theluji.
Mama yako alijuaje kama maziwa yana moto wa kutosha?
Kimya. Nikadhani simu imekatika.
"Kwenye kifundo cha mkono, baba. Kwa ndani. Si ulikuwepo?"

Nilikuwepo.
Zamu ya usiku, usingizi wa mchana, mlango umefungwa,
Majken akitembea kwa soksi
na mtoto begani, asilie, nisiamke.
Nilikuwepo kama kabati linavyokuwepo.

Nadondosha tone kifundoni.
Sisikii kitu, namwambia.
"Ndivyo inavyotakiwa," anasema. "Usisikie kitu."
Kisha hakukata simu, wala mimi sikukata.
Tulisikilizana tukipumua, na mmoja wetu alikuwa anameza maziwa.

Nyuma ya bili ya umeme naandika kwa penseli:
41. 42. 45. 45.
43, na usiku ule sikulala,
nilikaa na koti jikoni nikitazama kasha
lisilofanya lolote.
47.

Leo jicho la kushoto limefunguka, ufa mdogo,
mweusi, wenye maji.
La kulia limekataa.
Kitu cha kwanza duniani alichokiona
ni mkono wa sweta langu, uliotatuka,
ambao Majken aliahidi kuushona.
Hakushangaa. Aliunusa, akapiga chafya.

Sijampa jina. Gunhild anasema ngoja ale majani kwanza,
wengi hufia hapo, kwenye majani.
Nangoja.
Gramu hamsini na mbili.
Bili sijailipa; nafasi ya kuandikia
bado ipo, pembeni, karibu na tarehe ya mwisho.