Meno Kumi

Niliingia dukani kwa Ndekeja, pale Gongoni,
mfukoni kipande cha mninga, urefu wa kidole,
kwapani mashine yangu ndogo ndani ya soksi,
na elfu saba ambazo nyumbani
zilikwisha kupewa jina la sukari.

"Nataka meno ya mashine hii."
Akaniletea wembe wa msumeno.
"Madogo zaidi." Akaleta kekee za ukuta.
Nikamwonyesha kwa ncha ya ukucha: madogo hivi,
ya kuzunguka, ya kula mti bila kuuamsha.
Akacheka, akapanda kigoda, akapuliza vumbi
juu ya kiboksi kilicholala
nyuma ya bawaba na makopo ya vanishi.

Kumi. Kila moja limesimama tunduni mwake
kama wanafunzi wa bweni asubuhi ya ukaguzi:
lenye kichwa cha punje ya mtama,
lenye ncha ya mwali wa mshumaa,
pipa, pia, tone,
na moja la mabega mapana, shingo nyembamba,
Ndekeja akaliita bibi harusi.
Jina la kiwanda halipo.

Fundi Mihayo alinionya. Yeye ni wa milango,
wa vitanda vya sita kwa sita;
jino lake moja ni bei ya jogoo wawili.
"Cha rahisi utakilipia mara mbili,
na mara ya pili hulipi kwa fedha."
Akainua kidole gumba. Ukucha haukuwepo.

Lakini Mihayo anauza. Mimi siuzi.
Mchana napima magunia stesheni, bohari ya mizigo,
naandika kilo za nta, naandika Kigoma, naandika Mpanda.
Usiku nachonga kanga.
Ndege, si nguo.
Watano wako dirishani, wote hawana madoa,
na kanga asiye na madoa ni kuku aliyenenepa.
Nyamizi, mke wangu, ndiye aliyesema.
Niliudhika siku mbili, kisha nikaona kweli.

Nikamwomba Ndekeja umeme wake.
La kwanza likatetemeka kama lina homa.
La pili likaunguza mti: moshi, na harufu
ya sukari iliyosahauliwa jikoni.
(Nikaikumbuka sukari.)
Bibi harusi akakatika shingo, akaruka,
akagonga debe la rangi, ting!
Nilivaa miwani. Wewe unayetaka kuanza,
shika hilo kabla ya mengine: nilivaa miwani.

"Umevunja, umenunua."
"Limejivunja."
Tukabishana hadi mteja wa misumari akawa hakimu:
elfu tano na mia tano, kiboksi chote,
na maiti wako uondoke naye.

Nyumbani nikayajaribu yaliyobaki.
Mawili yanafaa kwa msonobari. Moja kwa sabuni.
Mengine sijui yalitengenezwa yale nini, labda boga.
Punje ya mtama niliiweka mwisho
kama mtoto anavyoiweka nyama.

Ikagusa bawa. Haikulia.
Ikaacha kitundu cha duara, ukingo haukuchanika,
vumbi jekundu likanikaa kwenye nyusi.
Nikatia chokaa kwa njiti ya kiberiti, nikafuta.
Doa.

Jingine. Jingine.
Mia mbili na kumi na moja, nilihesabu,
kisha umeme ukakatika mtaa mzima
na jino likazunguka kidogo peke yake, likanyamaza.

Nyamizi akaja na tochi ya simu na kikombe.
"Yamebaki mangapi?"
"Mengi."
"Na hilo jino?"
"Limeanza kuchoka."
Hakuuliza la sukari.
Aliketi, akanywa chai yake chungu,
akimgeuza kanga kiganjani:
upande wenye madoa,
upande usio nayo,
halafu ule wenye madoa tena.